Pangaboi au jeti: safari fupi kati ya viwanja viwili vidogo

Chukua viwanja viwili vilivyoachana kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. ATR 72, ndege ya pangaboi, husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 510 kwa saa. Jeti ndogo kama Embraer E190 hufikia 830 hivi. Kwa hesabu ya kugawanya tu, ya kwanza inahitaji dakika 35, ya pili 22.

Hesabu hiyo inadanganya kidogo. Jeti hutumia sehemu kubwa ya safari kama hii kupanda na kushuka, wala haikai juu muda wa kutosha kufaidi kasi yake. Ongeza kuondoka, kujipanga na njia ya kutua, tofauti iliyobaki haizidi dakika kumi na kitu. Dakika hizo unazipoteza ukisubiri begi.

Umbali ukiwa kilomita 1,000, mambo hugeuka: jeti hukuokolea karibu dakika 45, na hapo mimi ningeichagua bila kusita. Upepo wa mbele nao huiumiza zaidi pangaboi, kwa kuwa kasi yake ni ndogo.

Lakini kwa viwanja vidogo, swali la kwanza ni urefu wa njia ya kurukia. ATR 72 iliyojaa huridhika na mita 1,300 hivi. E190 iliyojaa hudai takriban 2,000. Pangaboi pia hula mafuta machache, ndiyo maana safari fupi nyingi za ndege zingali hai.