Asali ya nyuki wadogo, Mbuyuni: asali ni safi, bango liondolewe

Mama yangu ana kisukari, na nyumbani kwetu Kibosho chai yake huchemshwa sufuria ya peke yake. Asali aliiacha miaka mingi. Kwa hiyo niliposikia kuna duka dogo jirani na soko la Mbuyuni, Moshi, linalouza asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, nilikwenda mwenyewe.

Muuzaji ni kijana mpole. "Onja kwanza, dada," akanidondoshea kiganjani. Ni nyepesi kama maji ya ukwaju, na utamu ukipita unabaki uchachu. Akanionyesha kipande cha mzinga. Hakuna masega ya kawaida, ni vyungu vidogo vya nta na utomvu, kila kimoja kama zabibu. Alitoboa kimoja kwa kijiti, asali ikachuruzika. Hapo nikajua sitauziwa sukari guru iliyochemshwa. Robo lita Sh 15,000, ghali, ila nyuki hawa hutoa kidogo mno.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walipima asali ya nyuki wa jamii hii kutoka Australia, Malaysia na Brazil, wakakuta ina trehalulosi nyingi, sukari ambayo ni nadra kuikuta kwenye chakula. Awali ilidhaniwa ni maltosi, aina nyingine ya sukari! Mwili huivunja polepole kuliko sukari tunayotia kwenye chai, kwa hiyo haipandi kwa kasi kwenye damu.

Lakini hilo haliifanyi kuwa dawa, ndiyo maana bango la dukani liliniudhi: "Dawa ya kisukari, inafaa hadi watoto wachanga." Nilimwambia yule kijana: mdogo wangu, kupanda polepole bado ni kupanda, na nyuki waliopimwa si hawa wa kwetu. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali yoyote, inaweza kumletea botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli, na hiyo inaweza kuua. Alinisikiliza vizuri, akasema bango ni la bosi. Wiki mbili baadaye nimepita, bado linaning'inia. Bosi, kama unasoma, naomba ulishushe.

Mama anapata nusu kijiko cha chai Jumapili, vidonge hajaacha, na tunampima kabla na saa mbili baadaye. Mara ya kwanza alikilamba kijiko kikakauka, ndipo akauliza nimeitoa wapi.

Asali hii ina maji mengi, huchacha upesi. Yangu ilikaa kabatini siku tisa, nilipofungua kifuniko povu likamwagika mezani. Dukani hawakuniambia. Ukinunua, iweke kwenye friji siku hiyohiyo.