Pleti ya vishimo 96 yenye resini: nyota tatu na nusu

Boksi lilishuka stendi ya Nanenane, mshale wa "juu" ukitazama ardhini. Kondakta simlaumu, kwake ni mzigo kama mizigo mingine. Ila kila kishimo cha pleti hii kina mikrolita 50 za resini (chembe ndogondogo za kunasia protini) ndani ya ethanoli ya asilimia 20, na njia nzima kutoka Dar resini ilikuwa inatuama kwenye foili ya juu. Mimi nikaibandua kama mfuniko wa mtindi. Mistari ya A na B ikaondoka na foili, imenata kama ukoko. Vishimo 24, kwaheri.

Pleti ya pili niliigongagonga mezani mpaka resini ikateremka, ndipo nikafungua. Maelekezo yamo kwenye boksi, kwa herufi za kusomea na miwani.

Baada ya hapo, raha tupu. Tunasafisha papaini ya utomvu wa papai. Hiki ni kimeng'enya chenye chaji chanya kwenye pH ya 7, kwa hiyo kinang'ang'ania resini ya chaji hasi. Mistari minane nikaipa pH tofauti, safu 12 viwango tofauti vya chumvi. Nilianza asubuhi, jioni nilishajua chumvi kiasi gani inakiachisha. Kwa kolamu mojamoja, yaani mirija ya resini, ningekuwa bado nipo hapo.

Kutoa maji kupitia chini ya vishimo kwa pampu ya kuvuta hewa sipendi na pleti hii: kishimo kimoja kikitangulia kukauka, hewa inapitia hapohapo, vingine vinabaki vimejaa. Mimi natumia sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), 500 g, yaani mara 500 ya nguvu ya mvutano wa dunia, dakika moja, na pleti kuukuu yenye maji upande wa pili kusawazisha uzito. Ipime kwenye mizani, usiikadirie kwa macho! Mashine ikisimama, chungulia chini ya pleti: kila mdomo wa kishimo una tone linaning'inia, na ukiinua kwa pupa linaangukia kwa jirani. Ikandamize kwanza kwenye tishu. Tena hewa yetu ya mwezi wa kumi ni kavu, vishimo vya pembezoni vinakauka kabla ya vya katikati, basi usitikise bila kufunika.

Kama huna pipeti ya midomo minane, acha. Nilianza na ya mdomo mmoja, hadi mstari wa D kidole gumba kilikuwa kinanidai.

Boksi jingine nimeshaagiza. Safari hii nimemwomba muuzaji aandike "USIGEUZE" kwa maka pen, pande zote nne.