Ruta ya AC1200 kwenye nyumba ya tofali, Dodoma: uzoefu wangu wa miezi minane

Ninayoizungumzia ni ruta ya bendi mbili, daraja la AC1200, antena nne za nje. Chapa siitaji, maana za daraja hili zinafanana mno na nitakayoyasema yanazihusu karibu zote. Iko Ilazo, kwenye nyumba ya vyumba vitatu na sebule, nyuma ya kisanduku cha faiba, kifurushi cha kasi ya Mbps 20 (megabiti kwa sekunde). Kwa kazi hiyo inatosha na kubaki. Hiyo 1200 ya kwenye boksi ni 300 ya bendi ya 2.4 GHz ikijumlishwa na 867 ya 5 GHz, kisha ikakuzwa kidogo. Simu ya kawaida hushika bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya namba hiyo.

Inapowekwa ndipo panapoamua mambo. Mafundi wengi wa faiba hufunga kisanduku pale waya unapoingilia, yaani kona ya sebule nyuma ya televisheni. Ukiiacha ruta hapo, nusu ya mawimbi unawagawia majirani na barabara. Nimeitoa kwa kebo ya Cat 6 ya mita 12 iliyopita juu ya dari mpaka ukutani mwa korido, kimo cha mita 1.8. Kebo iwe ya shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hukatika kirahisi ikikunjwa. Ruta yenyewe usiipandishe darini. Chini ya bati, mchana wa Oktoba na Novemba hapa Dodoma, ni tanuri.

5 GHz hupita ukuta mmoja wa tofali za saruji vizuri, wa pili kwa shida. Pima kwa programu ya simu inayoonyesha nguvu ya mawimbi: -50 dBm ni safi, -67 inatosha kupiga simu ya video, ikishuka chini ya -75 utaanza kugombana na mtu wa upande wa pili. Chumba cha nyuma kinatumia 2.4 GHz, upana wa 20 MHz, chaneli 1, 6 au 11, ile isiyo na msongamano. Ukichagua 3 au 4 ukidhani umejitenga, utagongana na walio kwenye 1 na walio kwenye 6 pia.

Kosa linalowasumbua wengi siku ya kwanza: kisanduku cha faiba nacho ni ruta. Vyote viwili vikitumia anwani moja, 192.168.1.1, intaneti haipiti au inakatika ovyo. Badili anwani ya ruta mpya iwe 192.168.10.1, au iweke kwenye hali ya kituo cha waifai tu, kazi ya kugawa anwani ikabaki kwa kisanduku. Ukichagua njia ya pili, zima waifai ya kisanduku. Lile jina lake la kiwandani likibaki hewani, mlango wa nyuma uko wazi.

Sasa ulinzi. Kabla ya yote badili nywila ya kuingilia kwenye mipangilio, ile ya admin, kwa sababu ya kiwandani inajulikana. Kisha usimbaji, yaani njia ya kuficha mawasiliano ya waifai: WPA3 ikiwezekana, la sivyo WPA2 yenye AES. TKIP, njia ya zamani, usiiguse, mbali na udhaifu wake, inaibana ruta kwenye Mbps 54. Zima WPS, ile njia ya kujiunga kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila. PIN yake ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua vipande viwili na tarakimu ya mwisho inatokana na zilizotangulia, hivyo mjaribu anabakiwa na majaribio 11,000 tu.

Nywila ya waifai isiwe namba ya simu, na hapa ndipo watu wengi wanapoanguka. Namba zetu huanza na tarakimu tatu za mtandao, zinabaki saba: uwezekano milioni 10 kwa kila kianzio. Mtu akinasa mawimbi wakati simu yako inajiunga, anakwenda kuzijaribu kwake, na kompyuta yenye kadi nzuri ya picha huzimaliza kwa dakika chache. Chukua maneno manne yasiyohusiana, mfano mbuyu-sufuria-kengele-nane, ila usichukue haya.

Kuficha jina la mtandao hakusaidii kitu. Kuorodhesha anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za vifaa vinavyoruhusiwa, ni kujitafutia kero, maana simu za sasa hubuni anwani mpya kwa kila mtandao. Muda huo afadhali uutumie kuwasha mtandao wa wageni, uweke humo wageni, kamera na televisheni. Tatizo moja: televisheni ikiwa huko, kurushia picha kutoka kwenye simu iliyo mtandao mkuu hakutafanya kazi.

Umeme. Nimeunga UPS ndogo ya volti 12, yaani betri ya akiba, na mAh za kwenye boksi lake zinahesabiwa kwa volti 3.7 ya betri. 8,800 mAh ni kama Wh 32 (wati-saa). Ruta na kisanduku vikila wati 11 kwa pamoja, ukitoa upotevu, unapata saa mbili na nusu hivi. Muuzaji akikuambia saa nane, mwache na saa zake. Soma lebo za adapta zote mbili, volti zilingane na ampea zisizidi uwezo wa UPS. Pini nayo ina maumbo mawili yanayofanana kwa macho, 5.5 × 2.1 na 5.5 × 2.5 milimita. Ya tundu la 2.5 ikiingia kwenye ruta ya 2.1 inalegea, na ruta itajizima na kujiwasha kila mlango unapobamizwa.

Kusasisha programu ya ndani ya ruta fanya kwa kebo, UPS ikiwa imejaa. Umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na kopo la plastiki.

Ninachokilalamikia ni matundu ya hewa. Vumbi la kiangazi linajaa humo, na brashi kavu kila mwezi haikwepeki.