TAHADHARI: Anayeuza "FL Studio kamili" na maiki hapa Mtwara

Ndugu zangu maprodyuza wa Mtwara, Lindi na Masasi, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza FL Studio (programu ya kutengeneza muziki kwenye kompyuta) "leseni ya maisha" kwa 120,000 na maiki ya Shure SM58 kwa 150,000. Msimpe hela. Mimi nimeshalizwa.

Wanaonifahamu wanajua natengeneza albamu isiyo na mashairi: ngoma za Kimakonde, mlio wa korosho zikibanguliwa, mawimbi ya Msangamkuu usiku, sauti zote nazikata na kuzigeuza kinyumenyume kwenye kompyuta. Tulikutana stendi ya Mkanaledi, akaniwekea programu kwenye laptop, ikafanya kazi vizuri kabisa. Usiku ule nilipanga ngoma hadi saa tisa, nikasevu, nikalala. Asubuhi faili haifunguki.

Alichoniwekea ni toleo la majaribio, ambalo Image-Line wa Ubelgiji, wanaoitengeneza FL Studio, wanalitoa bure kwenye tovuti yao. Linakuruhusu kusevu, ila ukishaifunga projekti huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Ndiyo maana ukijaribu pale mbele yake unaona kila kitu kiko sawa. Mwambie asevu, afunge, afungue tena. Na leseni halisi inakaa kwenye akaunti yenye barua pepe yako. Asiyekuonyesha akaunti hana cha kukuuzia.

Kama umeshapigwa, tafadhali usifute faili zako! Ukinunua leseni halali zinafunguka. Hilo ndilo lililonirudishia pumzi, maana mpangilio wa usiku ule nisingeweza kuurudia.

Maiki nayo feki. SM58 halisi ina gramu 298. Yangu niliipeleka kwa muuza dagaa sokoni, akaiweka kwenye mizani yake ya kidijitali: 214. Nembo imechapwa vizuri mno, huwezi kuitilia shaka kwa macho, lakini ukiigonga kwa kucha inalia kama kopo tupu, na ngoma kubwa ikipigwa sauti inapasuka.

Nilipompigia alidai mzigo ulitoka hivyo hivyo Kariakoo. Kesho yake hapatikani.

Meseji zake nimeshazituma 15040, namba ya kuripoti meseji za matapeli. Nawe ukiwa nazo zitume huko, na kama umemlipa niandikie, tukusanye miamala yetu twende polisi pamoja.