Samaki wa Kibuye: bei imepanda, sahani haijapungua

Ukiwa soko la Kibuye hapa Kisumu na njaa imekukamata, mtafute mama anayekaanga ngege (tilapia) upande wa mitumba. Kinachonirudisha kwake ni uaminifu. Vibanda vingi vinaacha bei ilivyo, halafu chapati inakonda hadi unaona mwanga upande wa pili. Huko nako ni kupandisha bei. Yeye mafuta yakipanda anaandika bei mpya ubaoni kwa chaki, na samaki anabaki yuleyule: mkia nje ya sahani, ugali mgumu wa kushikika, kachumbari juu.

"Nikikupunja, mwanangu, kesho utarudi?" aliniuliza.

KNBS, shirika la takwimu la taifa, hupima mfumuko wa bei kila mwezi kwa gharama ya kapu la bidhaa, yaani vitu ambavyo familia hununua kwa kawaida. Oktoba 2022 ulifika asilimia 9.6 ukilinganisha na Oktoba ya mwaka uliotangulia. Chakula ni karibu thuluthi ya kapu hilo, lakini kwa sisi vibarua ni zaidi, ndiyo maana makali tunayasikia mapema. Na mfumuko ukipungua, bei hairudi chini, inapanda polepole tu.

Nenda kabla ya saa saba. Baadaye foleni ni ndefu na maji ya kunawa huisha.