Viunganishi vidogo vya utatuzi wa hitilafu kwa bodi ndogo za saketi: kipi kinastahili nafasi yake?

Kiunganishi cha pini 20 cha JTAG (njia ya kuunganisha kompyuta na chipu ili kuipakia programu na kutafuta hitilafu), ambacho wengi wetu tulijifunzia kazi hii, kina safu mbili za pini kumi kumi zilizoachana kwa milimita 2.54, na kutoka pini ya kwanza ya safu hadi ya mwisho ni karibu milimita 23. Kwenye bodi iliyo na upana wa kidole gumba, kiunganishi hicho hula nafasi kubwa kuliko maikrokontrola yenyewe. Nimetengeneza bodi ndogo kwa kutumia takriban kila mbadala wake unaopatikana kwa urahisi, na nimefikia uamuzi kwamba eneo ambalo kiunganishi kinachukua kwenye mchoro wa bodi ni kipimo kinachopotosha kikitazamwa peke yake. Pima pia plagi na kebo yake, nafasi iliyo juu na chini ya bodi, na mara ambazo mtu atachomeka na kuchomoa.

Kinachotuwezesha kupunguza pini ni SWD, njia ya mawasiliano ya chipu za Arm Cortex, ambayo inahitaji nyaya mbili tu za mawimbi, yaani SWDIO ya data na SWCLK ya mapigo ya saa, mahali ambapo JTAG inataka angalau nne. Hata hivyo, mbili hizo hazitoshi. Lazima pawe na ardhi, na kwa maoni yangu lazima pawe na pini ya volteji ya rejea, ambayo hukiarifu kifaa cha utatuzi, yaani kile kinachokaa kati ya kompyuta na bodi, kama bodi inafanya kazi kwa volti 3.3 au 1.8. Mimi huongeza na laini ya riseti, kwa sababu siku programu yenye kasoro itakapozigeuza pini za SWD kuwa pini za kawaida mara tu chipu inapowaka, njia rahisi ya kuifikia chipu hiyo ni kuishikilia katika riseti wakati kifaa kinaunganishwa.

Kiunganishi cha Arm cha pini 10, chenye umbali wa milimita 1.27 kati ya pini, ndicho ninachokipa alama za juu kwa bodi ambazo bado ziko katika majaribio. Safu yake ya pini tano ina urefu wa milimita 5.08 kutoka pini ya kwanza hadi ya mwisho, kinabeba SWD na JTAG vilevile, na vifaa vingi vya utatuzi huja na kebo yake bapa au huwa na adapta yake. Kasoro yake iko kwa mnunuzi anayetafuta unafuu. Mpangilio rasmi huiacha pini ya 7 iwe wazi, nalo tundu la 7 la plagi huzibwa, ili kebo isiingie upande usio wake. Viunganishi na plagi nyingi za bei nafuu huja na pini na matundu yote kumi, bila ukuta wa plastiki wa kuiongoza plagi, na hapo ulinzi wote unakuwa umeondoka.

Jambo hili nilijifunza kwa hasara. Nilichomeka kebo kwenye kiunganishi kisicho na ukuta, plagi ikawa imeruka jozi moja ya pini, na kwa udogo wa pini hizo sikuona kwamba matundu mawili ya mwisho yalikuwa yananing'inia hewani. Pini ya 3 ya kebo, ambayo ni ya ardhi, ilikaa juu ya pini ya 1 ya bodi, ambayo ni ya volteji. Kifaa kiliripoti tu kwamba hakioni chipu, nami nikaanza kukagua programu, mpaka nilipogusa kidhibiti volteji na kukuta kimepata moto kiasi cha kuniunguza kidole. Tangu siku hiyo sinunui kiunganishi cha aina hii kisicho na ukuta, ingawa ukuta huo huongeza milimita kadhaa kila upande, na milimita hizo ndizo ambazo bodi ndogo inazihitaji.

Hapo ndipo Tag-Connect inapoingia. Katika mfumo huu hakuna kinacholehemewa kwenye bodi. Kilichopo ni vidoa vya shaba vilivyo wazi na matundu ya kuongozea, na pini zenye springi ziko kwenye kichwa cha kebo. Mfano wa TC2030 una vidoa sita katika safu mbili, navyo pia vimeachana kwa milimita 1.27, na vinatosha kabisa kwa SWD: volteji, ardhi, riseti, nyaya mbili za mawimbi, na SWO kwa ajili ya ujumbe unaotoka kwenye programu. Matundu yake matatu ya kuongozea hayakupangwa kwa ulinganifu, kwa hiyo kebo haiwezi kukaa kinyume. Kwa bidhaa itakayotengenezwa kwa wingi, kutolipia kiunganishi katika kila bodi ni faida ya kweli.

Lakini upo uchaguzi ndani ya uchaguzi huo. Toleo lenye miguu ya plastiki hujishika lenyewe kwenye bodi, ila linadai matundu mengine manne makubwa, na kwenye bodi ndogo matundu hayo huharibu njia za nyaya katika tabaka zote. Toleo lisilo na miguu, lenye herufi NL katika jina lake, huchukua eneo dogo zaidi, lakini hulazimika kushikwa kwa mkono au kwa klipu inayobanwa kutoka nyuma ya bodi. Kwa kupakia programu kwa sekunde chache, mkono unatosha. Kwa kufuatilia hitilafu saa nzima, huku mkono mwingine umeshika kipimio, hautoshi. Na klipu haina msaada ikiwa nyuma ya bodi kuna betri au ukuta wa kasha. Jambo moja zaidi: hakikisha vidoa hivyo havipakwi lehemu kupitia kiolezo kiwandani, kwa sababu vikirudi na vichuguu vya lehemu, pini za springi huteleza na mawasiliano hukatikakatika.

JST-SH ya pini tatu, plagi ndogo ya kampuni ya JST yenye umbali wa milimita 1 kati ya pini, ndiyo ambayo Raspberry Pi waliichagua kwa bodi yao ndogo ya Pico H na kwa kifaa chao cha utatuzi. Ni nyembamba, plagi yake haiingii kinyume, na hukaa mahali pake bila kushikwa. Hata hivyo, haina volteji ya rejea wala riseti, nacho kifaa hicho kimekusudiwa mawimbi ya volti 3.3, kwa hiyo bodi ya volti 1.8 isiunganishwe nacho moja kwa moja. Tena, plagi yake huchomolewa kwa kucha na si kwa kuvuta nyaya. Ukivuta kwa nguvu, unaweza kuondoka na kiunganishi pamoja na shaba iliyokishikilia.

STDC14, kiunganishi cha pini 14 cha watengenezaji wa chipu STMicroelectronics, inawafaa wanaotaka pia mawasiliano ya UART (njia rahisi ya kutuma na kupokea data) katika kebo hiyohiyo, kwa kuwa pini zake 10 za katikati zinafuata mpangilio wa Arm. Kwa bodi ndogo kabisa naiona kubwa.

Katika bodi ya kwanza ya mradi wowote mimi sasa huweka kiunganishi cha pini 10 chenye ukuta, pembezoni mwa bodi, na vidoa sita vya TC2030-NL vilivyounganishwa na nyaya zilezile. Bodi ikishakuwa imara, kiunganishi hukatwa pamoja na kipande chake cha bodi, vidoa vikabaki.