Koti la Kanga kutoka Karakana ya Mikindani
Karakana ya mbunifu mmoja wa mavazi wa Mikindani, mkoani Mtwara, inastahili kutembelewa na kila anayeuthamini ushonaji, kwa sababu humo mafundi cherehani wa kiume, waliozoeleka kuonekana barazani, hufanya kazi meza moja na kina mama wanaodarizi kofia za viua, yaani zenye mapambo madogo ya kudarizi, na kila nguo hutoka ikiwa imepitia mikono ya pande zote mbili. Koti nililonunua limekatwa mabega kwa namna inayomkaa vizuri mwanamume na mwanamke. Kanga yenyewe imeheshimiwa: pindo, yaani mpaka wake wenye nakshi, limefuata ukingo wa mbele, mji, yaani sehemu ya katikati, umetua mgongoni, na jina, yaani maandishi ya kanga, limeachwa zima kiunoni bila kukatwa na mshono wowote, jambo ambalo mafundi wengi hawalijali. Viua vilivyodariziwa kwenye kola ni vidogo na vimelingana, na hata ukilipindua koti huoni uzi unaoning'inia. Bitana, hata hivyo, ni nzito mno kwa joto la pwani. Bei ni ya juu, lakini ni ya haki kwa kazi ya mkono kama hii; ningependa tu majina ya wadarizi yaandikwe kwenye lebo pamoja na la mbunifu.